Mama ana kisukari, visheti vya Krismasi tuvipeleke wapi?

Mbukwenyi wasomaji wangu! Hiyo ni salamu ya kwetu Ugogoni, na kama hujui kuiitikia mtafute Mgogo yeyote hapo mtaani kwako akufundishe. Leo sina habari za mapenzi, wala za nani kamfumania nani. Leo naongelea mambo ya mdomo na tumbo. Desemba inabisha hodi, mabasi yameanza kujaa, na wewe kijana wa mjini umeshaanza kupiga hesabu ya nauli, ya kiatu kipya na ya mfuko wa zawadi za kupeleka nyumbani. Basi sogea hapa tuongee kuhusu vitamu vya sikukuu, vile vya kupikwa nyumbani, maana vya dukani kila mtu anavijua.

Kwanza tuwekane sawa. Zile kadi za Krismasi tulizokuwa tunatumiana zamani zina theluji, zina miti imefunikwa weupe, na zina mzee wa ndevu kavaa koti zito kama anakwenda kulala kwenye friji. Huko Ulaya ndivyo Desemba ilivyo. Jua linazama mapema, shamba limelala, hakuna tunda bichi la maana. Ndiyo maana keki zao za sikukuu ni nzito, zimejaa zabibu kavu, maganda ya machungwa na viungo. Waingereza wana pudingi yao ya Krismasi ambayo inapikwa wiki kadhaa kabla na kuwekwa. Wajerumani wana mkate wao mtamu unaoitwa Stollen, wa zabibu kavu na lozi, umepakwa sukari nyeupe juu kama theluji yenyewe. Ukiangalia vizuri utaona wanapika kutokana na vile vinavyokaa ghalani bila kuoza.

Sasa njoo Mpwapwa. Baridi yetu sisi ni Juni na Julai. Desemba ni jua kali asubuhi, mawingu mchana na mvua za kwanza jioni. Maembe yanaanguka yenyewe. Lakini usidanganyike na hayo maembe. Kwa mkulima wa Ugogoni Desemba ni mwezi wa kupanda, si wa kuvuna. Ghala linaanza kuonyesha sakafu, na mtama na uwele wa msimu mpya bado ni mbegu mkononi. Kwa hiyo na sisi, kama wale wazungu wa theluji, vitamu vyetu vya Krismasi vinatoka kwenye vile vinavyokaa: karanga, ufuta, asali na ubuyu. Kisha unaongeza unga wa ngano na sukari ya dukani. Hapo ndipo mambo yanapoanza.

Kwa wasiopajua, Mpwapwa ni mji wa zamani, usiuone mdogo. Ukitoka Dar kwa basi kuelekea Dodoma unakata kona pale Mbande, unapita Kongwa, unaingia mji uliokaa chini ya mlima Kiboriani. Ukitumia reli, kituo chetu ni Gulwe. Enzi za misafara ya pembe za ndovu kutoka Bagamoyo kwenda Tabora na Ujiji, watu walipumzika hapa wakanywa maji na kununua chakula, kwa sababu mbele yao kulikuwa na nyika isiyo na maji, ile Marenga Mkali. Wamisionari wa Kianglikana wa CMS walifika mwaka 1876. Baadaye kikaja chuo cha ualimu, ikaja na taasisi ya utafiti wa mifugo, ile iliyotoa ng'ombe wa Mpwapwa unaowasikia. Ndiyo maana mtaani kwetu utamkuta Mgogo, Mhehe, Mkaguru, Mnyamwezi, mtu wa pwani na mwalimu kutoka Kilimanjaro, wote wanachota maji bomba moja. Na jikoni mwao vivyo hivyo. Visheti na kalimati za pwani zinakaa sinia moja na karanga za Kongwa na ubuyu wa porini. Hakuna anayeuliza kabila la kashata.

Mama yangu ndiye aliyekuwa kiongozi wa shughuli hiyo. Kuanzia tarehe 22 Desemba jiko letu lilikuwa kama kiwanda. Unga unapepetwa, iliki inatwangwa, karanga zinakaangwa mchana kutwa mpaka nguo kwenye kamba zinanukia. Tarehe 24 jioni sahani zinapangwa mkekani. Kila sahani: visheti kiganja kimoja, kashata nne, kipande cha keki, ubuyu kwenye kikaratasi. Inafunikwa kitambaa cha kudariziwa. Halafu watoto tunatumwa. Nyumba kumi na moja, nyumba tano kati ya hizo za Waislamu. "Nenda kwa shangazi, mwambie mama anasema karibu sikukuu, na usisimame kuangalia wanavyofungua!"

Utaratibu ulikuwa mmoja: sahani ya mtu hairudi tupu. Ikija Idi, sahani zetu zilezile zinarudi na tambi za sukari, vitumbua na tende. Ndivyo tulivyoishi. Hata ule wakati wa miaka ya mwanzo ya 80, sukari ilipokuwa inapatikana kwa foleni na kadi kwenye duka la kaya, mama anasema alipika visheti kwa sukari guru. Vikawa vyeusi kama makaa, na sahani zikaenda vilevile.

Sasa mwaka 2022 mama akaanza kuwa na kiu isiyoisha. Usiku anaamka mara nne, mara tano kwenda haja ndogo. Akapungua mwili, mashoga zake wakamsifia eti amerudi usichana. Macho yakawa yanaona ukungu. Kupimwa, kumbe ni kisukari, ile aina ya pili inayowapata sana watu wazima.

Jamani, ugonjwa ukiingia kwenye nyumba ya Kiafrika, mgonjwa anapata madaktari arobaini bila kuwalipa. Mmoja akaleta majani machungu. Mwingine akasema aache sukari ale asali kwa wingi, maana asali ni dawa. Mwingine akasema sukari guru haina madhara kwa sababu haijapita kiwandani. Nitakwambia ukweli hapohapo usije ukamuua bibi yako: asali ni sukari, sukari guru ni sukari. Vyote vinapandisha sukari ya damu. Hata unga mweupe wa ngano ukifika tumboni unageuka sukari. Ukweli mchungu, lakini ndio huo.

Kaka yangu mkubwa, anayefanya kazi Dar, akaitisha kikao cha ukoo kwa simu. Bwana mkubwa akatoa amri kama mkuu wa wilaya: mwaka huu jiko lifungwe, mama asiguse unga wala sukari, yeye atakuja na keki ya boksi ya kukata siku moja tu, basi. Wote tukaitikia. Nani abishane na mtu anayelipa bili ya dawa?

Krismasi ile ya 2022, msomaji, ilikuwa kama matanga. Keki ilifika, nzuri kwa macho, ina maua ya pinki na jina la Yesu limeandikwa kwa krimu. Lakini jikoni kimya. Tarehe 24 jioni watoto wa majirani wakapita getini mara mbili, mara tatu, wanachungulia. Walikuwa wanasubiri sahani. Mama amekaa kibarazani na kanga yake, anawaona. Ndani ya nyumba watu wazima na ndevu zao wanakunywa soda wamejificha nyuma ya choo, eti mama asione akatamani. Shangazi akawafuma. Akacheka mpaka akakaa chini: "Nyumba ya mwalimu imegeuka kijiwe cha wezi wa soda!"

Mama hakucheka. Usiku ule alisema sentensi moja tu: "Mmeanza kunizika mkono mmoja mmoja." Akaingia kulala.

Hebu tulia hapo kidogo. Sisi tulidhani tunamzuia kula. Yeye alisikia tunamzuia kutoa. Hayo ni mambo mawili tofauti kama mbingu na ardhi. Mama kwenye Krismasi zote hizo nilizomwona, sijawahi kumkuta amekaa na sahani yake anakula visheti. Alikuwa anaonja kimoja kujua shira imekubali, kisha anapanga vya watu. Utamu wake ulikuwa ule mlango wa jirani unavyofunguliwa. Sasa sisi tukamwondolea kazi yake mtaani, tukaiita matibabu.

Mwezi wa kwanza alipokwenda kliniki nilimsindikiza. Muuguzi aliyekuwa zamu, mtu wa maneno machache, alimweleza kwa lugha ya jikoni. Kwamba mgonjwa wa kisukari hajakatazwa kukaa mezani na wenzake. Kinachotazamwa ni kiasi, ni wakati, na ni nini kingine umekula siku hiyo. Ukila kipande kidogo cha kitamu, punguza ugali au wali wa mlo huo. Usile kitamu tumbo tupu. Meza dawa kwa saa yake, sikukuu haina likizo ya dawa. Tembea. Pima. Na wale wanaotumia insulini au baadhi ya vidonge wajue kwamba sukari inaweza pia kushuka ghafla, mtu akatetemeka na kutoka jasho, na hapo ndipo anapewa kitu chenye sukari haraka. Kila mtu na cheti chake, usichukue ya mama yangu ukampa mama yako, kamuulize daktari wake.

Na tusijifanye hili ni la wazee peke yao. Shirika la Afya Duniani lilishatoa mwongozo mwaka 2015: sukari ya kuongeza isizidi asilimia 10 ya nguvu tunayopata kwenye chakula kwa siku, na ikishuka chini ya asilimia 5 ni bora zaidi. Hiyo asilimia 5 ni kama gramu 25, yaani vijiko sita vya chai kwa siku nzima. Soda moja tu, ile unayoinywa umeegemea kaunta ukiuza sura, inaweza kuimaliza na kupitiliza. Haya, hesabu mwenyewe za jana.

Basi Desemba 2023 mama akatoa amri yake. Hakuitisha kikao. Alisema: napika, sukari nusu ya ile ya zamani, naonja kimoja, sahani zinatoka zote kumi na moja. Na kwa sababu macho yake jioni hayaoni vizuri, kila mtoto atasimama pembeni na kujifunza kitu kimoja mpaka akijue. Kaka mkubwa akapewa kashata. Mimi visheti. Mdogo wetu wa kiume, fundi pikipiki, akapewa keki. Ubuyu ukabaki wa mama, maana alisema ubuyu haufundishwi mtu asiyejua kunyamaza. Na wewe unajua mjini "ubuyu" maana yake nini siku hizi!

Kama Mungu alikuwa anatutania, ndio wakati uleule sukari ikaadimika nchi nzima. Mvua za El Niño zilivuruga uvunaji wa miwa, na mwishoni mwa 2023 kuingia 2024 bei ikapanda mpaka watu wakawa wanauziana kwa vipimo vidogo kama dawa. Mama akasema: "Mnaona? Mwaka huu mtaa mzima umepata kisukari, nitakula nao sawa." Hapo sasa ndiyo tukacheka, kwa mara ya kwanza tangu kipimo kile.

Haya, chukua kalamu, nakupa vitu alivyotufundisha, kwa vipimo vyake vipya.

VISHETI. Unga wa ngano nusu kilo. Samli au siagi iliyoyeyushwa vijiko vinne vya mezani. Iliki iliyotwangwa nusu kijiko cha chai, chumvi chembe. Paka unga samli kwa vidole mpaka uwe kama mchanga wenye unyevu. Hii ndiyo siri, ukiruka hapa utakula mawe. Tia maziwa ya vuguvugu kidogo kidogo, kama kikombe kimoja, mpaka donge lishikane na liwe gumu kuliko la chapati. Lifunike dakika ishirini. Sukuma, lisiwe jembamba kama chapati, kata vipande vya pembe nne vilivyolala upande. Kaanga kwa moto wa wastani mpaka viwe rangi ya dhahabu. Zamani mama alitumia sukari nusu kilo kwa shira, siku hizi ni robo tu na maji nusu kikombe. Chemsha mpaka ukichukua tone ukalibana kati ya vidole viwili na kuvitenganisha, unaona uzi. Mama haoni uzi tena. Anasikiliza. Shira ikiwa bado maji inachemka kwa kelele nyingi, ikianza kuwa nzito sauti inashuka, mapovu yanakuwa mazito na ya polepole. "Sasa!" anasema akiwa amekaa kwenye kigoda, hata hajageuka. Unaepua, unamwaga juu ya visheti, unageuza bila kusimama mpaka sukari iganda nyeupe na kila kimoja kijitenge na mwenzake.

KASHATA. Hapa lazima nikukumbushe kitu. Hapo Kongwa, ambayo zamani ilikuwa sehemu ya wilaya yetu ya Mpwapwa, baada ya Vita Kuu ya Pili Waingereza walikuja na mradi mkubwa wa karanga ili wapate mafuta ya kula kwao. Ilikuwa mwaka 1947. Wakaleta matrekta, wakajenga na reli. Mibuyu ikawashinda kung'oa, ardhi wakati wa kiangazi ikawa ngumu kama sementi, mvua ikawakimbia. Mwaka 1951 mradi ukafa, paundi zaidi ya milioni 30 zimeyeyuka. Na hapohapo bibi zetu wanaendelea kuvuna karanga zao kwa jembe la mkono! Basi chukua nusu kilo ya karanga hizo. Zikaange kavu, pekecha maganda, pepeta. Sukari robo kilo iyeyushe kwenye sufuria nzito bila maji, moto mdogo, mpaka iwe kahawia. Usiache ikaungua maana inakuwa chungu. Tia karanga, iliki na chumvi kidogo, geuza haraka, mwaga kwenye sinia uliyopaka mafuta, sukuma kwa chupa, kata ikiwa bado ya moto. Ukisubiri ipoe utahitaji nyundo. Kaka yangu mkubwa, mtu wa tai na kompyuta, anasukuma kashata kwa chupa ya soda huku jasho linamtoka. Wajukuu wanampiga picha. Zile karanga zinazobaki bila sukari zinawekwa kando. Shikilia hapo, tutazirudia.

UBUYU. Miti yenyewe unaiona barabara nzima ukija Dodoma, imesimama kama wazee waliogombana. Ubuyu mwingi unaokula Kariakoo unatoka huku. Chukua ubuyu kilo moja wenye kokwa zake. Sukari nusu kilo na maji kikombe kimoja na nusu, rangi nyekundu kidogo, iliki, chembe ya chumvi, pilipili ya unga kwa anayependa. Chemsha mpaka shira iwe nzito, tia ubuyu, moto mdogo, geuza mpaka kila kokwa ivae rangi. Epua, tandaza upoe. Wa mama hautiwi sukari kabisa. Anakula mweupe, wa asili, mkali kama ndimu, na anasema ndio ubuyu aliokula utotoni kabla hatujauvalisha lipstiki.

KEKI YA MKAA. Unga nusu kilo, siagi robo, sukari robo, mayai sita, maziwa kikombe kimoja, beking pauda vijiko vitatu vya chai, vanila au ganda la limau lililokunwa. Siagi na sukari zipigwe mpaka ziwe nyeupe, yai moja baada ya jingine, kisha unga na maziwa kwa zamu. Sufuria iliyopakwa siagi inakaa juu ya moto mdogo sana, mfuniko unabeba moto mwingi. Kanuni ya mama: mkaa wa chini uuhesabu kwa vidole, wa juu utie kwa mkono. Kama dakika arobaini na tano hivi, choma kwa kijiti kisafi, kikitoka kikavu umefika. Mdogo wetu anaipika kwa jiko la gesi siku hizi. Serikali ilizindua mkakati wa nishati safi ya kupikia mwaka 2024, lengo ni asilimia 80 ya Watanzania wawe wanaitumia ifikapo 2034, na mkaa wenyewe unamaliza miti. Kwenye gesi unaweka mchanga mkavu kwenye sufuria kubwa, ya keki inaingia ndani, unafunika. Inaiva vizuri ila haipati rangi juu. Mama anaigusa kwa kidole, anasema: "Keki imeiva, lakini imevaa shati bila koti." Hakuna anayethubutu kumjibu.

Sasa turudi kwenye zile karanga zisizo na sukari. Krismasi ya 2023 sahani kumi na moja zilitoka. Kila mtu mtaani alishajua habari za mama, maana Mpwapwa habari inakimbia kuliko bodaboda. Hakuna aliyesema neno. Tukasherehekea, tukaondoka, kila mtu akarudi kwenye mahangaiko yake ya mjini.

Aprili 2024 ikaja Idi. Mimi nilikuwa nyumbani kwa likizo fupi. Mjukuu wa bibi wa nyumba ya pili, yule bibi ambaye yeye na mama wamebadilishana sahani tangu kabla mimi sijazaliwa, akaja na sinia kichwani. Tambi, vitumbua, tende, kama kawaida. Na pembeni kibakuli kidogo, kimefunikwa kitambaa chake peke yake. Ndani kuna korosho za kukaanga na karanga, na ubuyu mweupe usio na kitu. Kitoto kikakariri ujumbe wake kama kilivyotumwa, bila kupumua: "Bibi anasema hii kubwa ya nyumba, hii ndogo ya mama mwenyewe, na anasema asimpe mtu."

Mama alikipokea kibakuli kwa mikono miwili. Akakishikilia magotini muda mrefu, kisha akaingia nacho chumbani. Hakumpa mtu, hata mimi nilipoomba korosho moja.

Tangu siku ile kibakuli kidogo kimekuwa utaratibu. Kumbe kwenye hizo nyumba kumi na moja, wazee wenye kisukari au presha wapo kwenye nyumba nne, ila walikuwa wanakaa kimya na kupokea sahani za sukari kwa adabu. Sasa kila sahani inayokwenda nyumba yenye mzee wa namna hiyo inafuatana na kibakuli chake: karanga kavu au ufuta uliokaangwa, ubuyu mweupe, na msimu huu vipande vichache vya embe. Vichache nimesema, embe nalo lina sukari yake. Hakuna mzee anayeachwa nje ya sikukuu, na hakuna anayepelekewa ugonjwa kwa kitambaa cha kudariziwa.

Kwa hiyo wewe kijana unayejiandaa kupanda basi, au unayesubiri tiketi ya ile treni mpya ya umeme ya Dar hadi Dodoma iliyoanza safari mwaka 2024, nina maneno machache kwako. Keki ya boksi beba ukipenda, siikatazi, watoto wanapenda maua ya krimu. Lakini beba na iliki nzuri, beba na siagi, na ufike tarehe 22, usifike tarehe 24 usiku ukiwa umechoka na kudai chakula. Mpeleke mzee wako akapime sukari na presha kabla ya sikukuu, si baada yake. Akiambiwa anayo, usimfungie jiko. Mpunguzie sukari kwenye mizani, usimpunguzie watu mlangoni. Kisha simama pembeni yake na umuulize shira inasikikaje inapokuwa tayari. Hilo hutalipata kwenye simu yako hata ukitafuta usiku kucha, kwa sababu kila sufuria ina sauti yake na kila mama ana sikio lake.

Mimi mwaka huu najaribu visheti peke yangu, mama ameshasema atakaa kibarazani na hatatia neno. Ninamjua. Atatia.